Hawa vijana wa kujitolea wa amani wanampatanisha nani hasa?

#1 Kalamu Kavu
Wakuu, salaam.

Nimejitolea miaka mitatu kwenye kikundi cha vijana wa amani, katikati ya jamii mbili zilizowahi kumwagana damu. Sitaji ni wapi, maana nikitaja tu uzi utageuka kuwa wa nani alianza. Nina swali ambalo kikaoni sijawahi kuthubutu kuliuliza.

Juzi nilikaa na karatasi zetu za mahudhurio za miaka yote mitatu. Majina ni yale yale. Arobaini na kitu, wanapungua wawili, wanaongezeka watatu. Ni watu waliokuwa wanasalimiana hata kabla kikundi hakijaanzishwa. Wale tunaowaogopa kweli, wa kijiweni, wanaojua silaha zimefukiwa wapi, hawaji. Tunapatanisha watu ambao hawakugombana.

Halafu kuna hili. Siku mambo yalipochafuka nilikuta kizuizi barabarani. Gogo, matairi mawili yanawaka, vijana kama wanane. Aliyekuwa anawauliza watu majina amevaa fulana yetu, ile nyeupe yenye njiwa kifuani. Kwenye semina tulikuwa kundi moja, tulichora pamoja ule mti wa mgogoro, mizizi yake na matawi yake. Akanitazama, akalisukuma gogo kwa mguu, akasema pita. Nikapita. Nyuma yangu alikuwepo mtu mwingine. Huyo akaambiwa simama.

Sasa niambieni. Pale kazi yetu ilifanikiwa au ilishindwa?

#2 Kichwa Ngumu
Ilishindwa. Mtu ana njiwa kifuani na anasimamia kizuizi, bado unauliza? Uzi ufungwe.

#3 Chura wa Kisima
Navuta kiti nikae mbele. Ila Kalamu umetuacha njia panda: yule wa nyuma yako ikawaje?

#4 Mwalimu wa Zamu
Kalamu, ulichokiona barabarani watu wameshakipima. Mtafiti Salma Mousa alichapisha matokeo mwaka 2020 kuhusu ligi ya mpira kaskazini mwa Iraki. Wachezaji walikuwa Wakristo ambao wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliwafukuza makwao. Timu zikagawanywa kwa bahati nasibu: nyingine zikaongezewa Wakristo wenzao, nyingine zikaongezewa Waislamu. Msimu ulipoisha, waliocheza na Waislamu walikuwa wepesi zaidi kujiandikisha timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye bado walikuwa wanafanya nao mazoezi.

Lakini walipopewa nafasi ya kwenda mgahawani Mosul, au kwenye hafla ya watu mchanganyiko wasiowajua, hawakutofautiana na wale waliocheza na wenzao watupu. Uliyecheza naye amekuwa mtu. Ambaye hukucheza naye amebaki kuwa "wale". Kijana wa fulana alikujua wewe. Wa nyuma yako hakumjua.

#5 Mpiga Filimbi
Kalamu, soma bandiko lako mwenyewe. Aya ya pili unasema wabaya hawaji. Aya ya tatu mbaya mwenyewe alikuja, akachora mti, akapewa na fulana. Tushike lipi? Mimi naona kosa ni kudhani kuna watu wa amani na watu wa fujo, kila kundi na kijiwe chake. Ni wale wale, siku ndiyo inayobadilika.

#6 Kichwa Ngumu
Alikuja kwa sababu ya posho na nauli, mbona mnazunguka? Nani anakataa kukaa kivulini siku mbili, anapewa daftari jipya na kalamu, na jioni anasaini apokee chake?

#7 Zamani Mkorofi
Kichwa Ngumu kasema kweli. Mimi ni wa kijiweni, na nilienda kwa ajili ya posho. Wala sioni haya.

Semina ilikuwa siku tatu. Ninachokumbuka ni mwezeshaji kutuchezesha michezo ya watoto ili tuzoeane, watu wazima tunarukaruka kama vyura (Chura samahani). Basi. Kilichonigusa kilitokea wakati wa kurudi. Gari liliharibika, giza limeshaingia, simu zimezima, tumebaki saba: wao watano, sisi wawili. Mmoja wao alikuwa anajuajua ufundi. Akaingia uvunguni, akaniomba nimmulikie na kitochi cha dereva. Saa nzima nimelala kifudifudi kwenye kokoto, namulika. Kila akifungua nati ananipa, ananiambia, "Hizi usizichanganye, fupi weka kushoto, ndefu kulia." Nati sita. Nilizishika kama mtu aliyebeba mayai, kwa sababu nikichanganya tunalala pale wote.

Kama kuna kilichonibadilisha ni zile nati. Na hazikuwemo kwenye ratiba.

#8 Mwalimu wa Zamu
Mkorofi, umeeleza kwa nati sita mambo ambayo wasomi wameyaandikia maisha yao yote. Gordon Allport mwaka 1954 alisema kukutana peke yake hakutoshi. Watu wawe na hadhi sawa pale walipo, wawe na lengo moja, walitafute kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wawe wameunga mkono. Chini ya gari mlikuwa sawa, gari ni la wote, na bila wewe kumulika hakuna safari.

Mwaka huo huo Muzafer Sherif aliwapeleka kambini Oklahoma wavulana 22, akawagawa makundi mawili, akawashindanisha mpaka wakachomeana bendera. Alipojaribu kuwakutanisha tu, wale chakula pamoja na kutazama sinema, walirushiana hicho chakula. Walichokuja kuelewana nacho ni shida ya wote: tangi la maji limekatika, na lori limegoma kuwaka, wakalivuta kwa kamba makundi yote mawili.

#9 Fundi Redio
Mwalimu, unasimulia nusu. Mwaka 1953, mwaka mmoja kabla, Sherif alijaribu kitu kama hicho kikamgomea. Wale watoto waliachwa wazoeane kwanza, wakawa marafiki, ndipo wakagawanywa. Kila walipochokonolewa wagombane, waligoma. Mpaka wakawashuku watu wazima kwamba ndio wachokozi. Kwangu hiyo iliyoshindikana ndiyo yenye somo kubwa kuliko iliyofanikiwa.

#10 Chura wa Kisima
Kwa hiyo dawa ya migogoro duniani ni magari mabovu. Mimi ninalo moja limekufa tangu mwaka juzi, wafadhili waje faragha tuongee.

#11 Nanga
Mnaongea kama hii kazi imeanza jana. Kambi za kujitolea za kupatanisha zilianza Ulaya baada ya Vita vya Pili, Wazungu walipochoka kuuana. Na leo Mfaransa na Mjerumani wanavuka mpaka bila hata kusimamishwa. Vijana ndio walioifanya hiyo kazi.

#12 Kobe Mzee
Nanga mwanangu, rudisha saa nyuma. Ni baada ya Vita vya Kwanza. Mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Cérésole, alikwenda na wenzake Esnes, kijiji karibu na Verdun, mahali palipopigwa mizinga hadi hakuna ukuta uliosimama. Kundi lenyewe lilikuwa na Wajerumani ndani yake. Wakajenga vibanda, wakatengeneza njia, wakasawazisha mashimo ya mabomu. Humo ndimo lilimotokea shirika la Service Civil International ambalo lipo hadi leo.

Lakini watu wengi huishia hapo kwenye utamu. Baada ya miezi michache wenye mamlaka ya pale hawakuwataka Wajerumani, na kikundi kikaondoka. Waliokuja kusaidia kwa nia njema walifukuzwa na wenyeji wenyewe. Na si ajabu. Mtu amezika wanawe, leo anakuja kijana wa upande ule ule na koleo begani, anatabasamu.

#13 Kichwa Ngumu
@Nanga hao Wafaransa na Wajerumani walipatanishwa na makaa ya mawe na chuma. Mkataba wao ni wa 1951, wakaviweka chini ya mamlaka moja, kila mmoja akawa anaona mwenzake anafanya nini na malighafi ya kutengenezea silaha. Vijana waliletwa baadaye kupamba.

#14 Nanga
Kobe nimepokea sahihisho. Kichwa Ngumu hapana. Serikali mbili zilianzisha ofisi ya vijana ya pamoja mwaka 1963, na tangu hapo zaidi ya vijana milioni 9 wamepita humo. Ulishaona pambo la watu milioni 9? Kilichowasaidia ni kwamba hela ilitoka bajeti ya serikali mwaka hadi mwaka. Sisi huku mradi unapewa miaka miwili, wa kwanza unaisha kwenye kununua viti.

#15 Kalamu Kavu
Wa kwanza viti, wa pili ripoti. Umepita ofisini kwetu wewe.

#16 Haki Kwanza
Nimesoma kutoka juu, nashangaa neno moja halijatajwa. Nani alilipa?

Kwetu nyumba iliungua. Vijana wa amani walikuja wiki ya tatu. Wazuri tu, wana adabu. Wakatuketisha na watu wa upande wa pili, wakatuambia kila mmoja ataje kitu kimoja anachokipenda kwa mwenzake. Na mimi namwona mtu amekaa viti viwili kutoka kwangu ana baiskeli ya kaka yangu nje, ameiegemeza ukutani. Nitaje ninachokipenda? Ninapenda hiyo baiskeli.

Rwanda, pamoja na makosa yote yaliyosemwa kuhusu gacaca, zile mahakama za kijijini za mauaji ya 1994, na yalikuwepo, watu walisimama mbele ya majirani wakasema fulani alifanya hivi na maiti ilitupwa pale. Karibu kesi milioni 2 hadi zilipofungwa 2012. Huwezi kumrukisha mtu hatua hiyo ukampeleka moja kwa moja kwenye kukumbatiana.

#17 Chura wa Kisima
Baiskeli ilirudi?

#18 Haki Kwanza
Ilirudi usiku mmoja, haina kengele. Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo usuluhishi pekee tulioupata.

#19 Kobe Mzee
Haki, pole sana. Nikuongezee mfano wa watu waliolianza hilo upande wa pili, upande wa mkosaji. Mwaka 1958 Lothar Kreyssig, Mjerumani aliyekuwa hakimu na aliyewahi kuupinga utawala wa Hitler ulipokuwa unaua wagonjwa wa akili, alianzisha shirika la kuwatuma vijana wa Kijerumani kwenda kufanya kazi za mikono katika nchi ambazo Ujerumani ilizitesa. Norway, Uholanzi, baadaye Israeli na Poland. Ona adabu yake: waliomba ruhusa kwanza. Walisema mturuhusu tufanye jambo jema kwenu. Mwenye nyumba akikataa, unarudi.

#20 Mpiga Filimbi
Haki, nakubali vijana wa amani hawawezi kuwa mahakama. Ila mnahukumu kazi kwa kitu kimoja tu, ile semina. Semina ni asilimia ndogo sana ya tunachofanya.

Mimi ni binti, na upande wangu wananiita msaliti. Nimeshatolewa kwenye makundi mawili ya WhatsApp ya ukoo. Kazi yangu ni simu. Nina namba kumi na tisa za upande wa pili, na wenzangu wa kule wana za kwetu.

Kuna jioni sauti ilisambaa, mtu analia kwamba mtoto wetu kachukuliwa na wale. Dakika kumi vijana wameshaanza kukusanyika, kuna mmoja ananoa kitu kwenye saruji ya mtaro, ule mlio nausikia hadi leo. Nikampigia mwenzangu. Akaniambia subiri, usikate. Nikamsikia anakimbia, viatu vinapiga, anagonga milango. Dakika kama ishirini. Mtoto alikuwa kwa shangazi yake, upande wetu kabisa, kalala. Nikaweka spika, mama yake akasikia.

Wakatawanyika. Yule wa mtaroni aliondoka ananung'unika kama mtu aliyenyimwa kitu. Sasa niambie, kwenye ripoti naandika nini? Fomu ina safu ya waliohudhuria. Haina safu ya yasiyotokea.

#21 Kichwa Ngumu
Hii sina la kusema. Nimeipokea.

#22 Chura wa Kisima
Andikeni tarehe. Kichwa Ngumu kapokea.

#23 Fundi Redio
Nilete ya kwangu, nimefanya kazi ya redio. Rwanda kuna mchezo wa redio wa Musekeweya, ulianza 2004, vijiji viwili vya kubuni vinavyochukiana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliwapima waliousikiliza mwaka mzima, akachapisha 2009. Imani zao binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona jamii yao inatarajia nini: kuoana kukaonekana jambo la kawaida, kusema wazi unapopinga kukaonekana jambo la kawaida.

Kaduna, Nijeria, ilikuwa hivyo hivyo. Vijana wa Kikristo na wa Kiislamu wamewekwa darasa moja la kompyuta wiki 16. Chuki walipoulizwa haikupungua. Lakini walipopewa hela wagawane na mtu wa upande wa pili, waliokuwa darasa mchanganyiko walibagua kidogo kuliko waliosoma na wenzao.

Kwa hiyo swali la Kalamu pengine halihusu moyo. Moyo wa yule kijana wa fulana huujui wewe wala mimi. Mkono wake ulisukuma gogo.

#24 Haki Kwanza
Mkono huo huo ukamsimamisha mwingine. Msikimbie hapo.

#25 Chura wa Kisima
Ndiyo maana nauliza tangu #3, jamani. Kalamu kimya. Wakati tunamsubiri: kijana ni mwisho miaka mingapi? Naulizia rafiki yangu, ana 38 na anataka kujitolea.

#26 Nanga
Rafiki yako amechelewa. Azimio la Umoja wa Mataifa namba 2250 la vijana na amani linasema 15 hadi 35.

#27 Mwalimu wa Zamu
Nanga leo si siku yako. Azimio 2250 la Baraza la Usalama, Desemba 2015, linasema 18 hadi 29. Hiyo 15 hadi 35 ni ya Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006. Rafiki wa Chura kote kote ni mzee.

#28 Chura wa Kisima
Nitamfikishia. Atalia.

#29 Kobe Mzee
Turudi. Fundi anasema mkono, wengine mnasema moyo. Kuna vijana ambao hawakuwa na mradi wowote.

Nyange, Rwanda, usiku wa tarehe 18 Machi 1997. Wanafunzi wa sekondari wako darasani wanajisomea. Waasi wanaingia, wanaamuru Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wakakataa. Wakasema sote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, sita wakafa. Wiki sita baadaye, tarehe 30 Aprili, seminari ya Buta kusini mwa Burundi, amri ile ile, jibu lile lile. Wanafunzi arobaini wakauawa.

Hawakupewa fulana. Walikuwa wanalala bweni moja. Mimi nasema kuishi pamoja kunazidi semina elfu.

#30 Haki Kwanza
Mzee, kwa heshima zote. Mwaka 1994, miaka mitatu kabla ya hao, waliouana walikuwa wanaishi pamoja. Ua kwa ua, wameoana, wanaimba kwaya moja. Kuna mtu aliuawa na aliyemsimamia ndoa. Kama kuishi pamoja kungetosha, pale pasingetokea kitu.

#31 Kobe Mzee
Hilo linaniamsha usiku, mwanangu. Sina jibu lake. Labda wale wa Nyange walikuwa wameshaona mwisho wa ile njia, maana walikuwa wameishi 1994. Labda.

#32 Jirani wa Soko
Mimi msomaji tu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Mnazungumzia vijana kama kisiwa. Wajir, kaskazini mwa Kenya, miaka ya tisini mwanzoni, koo zilikuwa zinauana na soko limegawanyika, mama wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwemo, walianzia pale sokoni. Wakahakikisha mama yeyote anauza na ananunua. Ndipo wakawafuata wazee, na vijana wakaingizwa, na serikali ikaletwa mezani. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011.

Kama ni vijana peke yao, mzee mmoja tu akisema "nendeni" barabarani, kazi ya miaka mitatu inakwisha asubuhi moja. Kalamu, yule kijana kizuizini nani alimtuma? Hilo hamjauliza.

#33 Kalamu Kavu
Jirani, karibu, na umegusa penyewe. Gogo lile si la barabarani. Limebebwa na gari la mtu mzima mwenye gari.

#34 Kichwa Ngumu
Aaah. Sasa tunaanza kuongea. Na huyo mwenye gari mlimwalika semina?

#35 Kalamu Kavu
Ndiye aliyefungua. Mgeni rasmi.

#36 Chura wa Kisima
Nimeanguka kwenye kiti.

#37 Zamani Mkorofi
Kuhusu fulana naomba niseme. Watu wanaicheka, lakini hiyo nguo ni hatari kwa mvaaji. Mwaka 1993 mwandishi wa habari John Wallach alianzisha kambi ya vijana wa Kiisraeli, Kipalestina na Kimisri kule Maine, Marekani, inaitwa Seeds of Peace. Oktoba 2000 mmoja wa vijana waliowahi kupita kambi hiyo, umri miaka 17, Mwarabu raia wa Israeli, aliuawa na polisi wakati wa maandamano akiwa amevaa fulana ya kambi. Ukivaa ile nguo huna upande unaokulinda. Kwa hiyo yule wa kizuizini kuivaa siku ile, mimi sioni kejeli tu. Huenda ndiyo ilikuwa safi asubuhi hiyo. Huenda alitaka watu wamtambue. Sijui.

#38 Mwalimu wa Zamu
Au hana nguo nyingine. Wanafunzi wangu wawili wanakuja na fulana za kampeni za mgombea ambaye wazazi wao hawamtaki hata kumsikia.

Nami nitoe langu. Tulianzisha mpira wa mchanganyiko, tukaweka sheria kwamba goli halihesabiwi mpaka pasi ya mwisho itoke kwa mtu wa upande mwingine. Wiki ya pili wameshatuzidi akili: wamemchagua mmoja wa upande wa pili, anasimama karibu na goli, anaguswa na mpira mgongoni, goli. Nilikasirika. Baadaye nikagundua huo ujanja waliupanga pamoja, chini ya mwembe, pande zote mbili, dhidi yangu. Sherif wa 1953, Fundi.

Wazazi wao lakini bado wanatazama mechi wakiwa kingo mbili za uwanja.

#39 Fundi Redio
Ireland ya Kaskazini ni hivyo hivyo. Kituo cha Corrymeela kilianzishwa na mchungaji Ray Davey mwaka 1965, kabla machafuko ya Wakatoliki na Waprotestanti hayajaanza. Kimepokea watu wa pande zote miaka yote, mkataba umekuja kusainiwa Aprili 1998, na kuta za kutenganisha mitaa ya Belfast bado zipo. Ukiuliza kilifanya nini, mmoja atakwambia kilikuwa kimbilio, mwingine atakwambia kuta si unaziona.

#40 Haki Kwanza
Chura ameuliza mara ngapi sasa? Kalamu.

#41 Kalamu Kavu
Sawa.

Alikuwa mwanamume wa makamo, ana mfuko wa karatasi wenye picha za eksirei, ule mkubwa wa hospitali. Kabla hatujafika kwenye gogo aliniuliza kama najua njia nyingine. Nikamwambia hakuna. Tukaenda, mimi mbele.

Niliporuhusiwa nilitembea hatua kama ishirini. Nikamsikia anaulizwa jina, nikamsikia analitaja. Jina lenyewe lilitosha. Nilikuwa na nafasi ya kugeuka niseme huyu yuko nami. Sikugeuka. Nilisikia ule mfuko wa picha unakunjwa, au unaangushwa, sauti ya plastiki ngumu. Nikaendelea kutembea.

Baadaye nilisikia kwamba kizuizi kile hakikuua mtu siku ile, waliwarudisha tu. Nimesikia. Sikuona.

#42 Mpiga Filimbi
Pole Kalamu.

#43 Kichwa Ngumu
Mkuu, hata mimi nisingegeuka. Nasema kweli.

#44 Zamani Mkorofi
Mimi nimewahi kusimama upande ule wa gogo, kwa hiyo niwaambie kinachoendelea pale. Yule anayeuliza majina hayuko peke yake, nyuma yake kuna saba wanamwangalia. Akimwachia mtu bila sababu, yeye ndiye anageuka msaliti. Mtu anayemjua akisema "huyu yuko nami", anapata pa kutokea. Ana la kuwaambia wenzake. Tulikuwa tunalitafuta hilo neno, hamjui tu. Mara nyingi halikuja.

#45 Mwalimu wa Zamu
Mkorofi, na mara nyingine likija linawaua wote wawili. Tusimfundishe mtu ushujaa kutoka kwenye kiti.

#46 Zamani Mkorofi
Kweli. Nimeliona na hilo.

#47 Jirani wa Soko
Ndiyo maana nasema mwenye gari ndiye wa kuanzwa naye.

#48 Kichwa Ngumu
Kalamu, mtafanyaje sasa?

#49 Kalamu Kavu
Jumamosi tuna kikao. Nitaomba tuache mti, tuigize kizuizi. Gogo la kweli. Yule kijana nitamwomba asimame nyuma yangu, aulizwe yeye jina.

#50 Haki Kwanza
Kwani bado anakuja?

#51 Kalamu Kavu
Nimeangalia karatasi ya Jumamosi muda huu. Amejiandikisha wa kwanza.